BWENI LA MWANAFUNZI KATIKA NCHI YA HANDENI NA KOROGWE

Katika Kiswahili cha siku hizi shule hugawanywa mafungu mawili: shule za kutwa na shule za bweni. Jina la kwanza latokana na kitenzi cha jua kuchwa, ambacho kwa lafudhi ya kaskazini hutamkwa kutwa, kama katika usemi wa mchana kutwa. Jina la pili ni la zamani kuliko shule zenyewe. Kabla ya kuja kwa mbao na chaki, bweni lilikuwa nyumba walimolala vijana ambao hawajaoa. Unguja na katika sehemu za Kenya watu hutumia zaidi neno dahalia, lenye asili ya Kiarabu, na vyuoni limeingia neno hosteli. Lakini katika Tanzania Bara bweni ndilo lililoshika. Yafaa pia kuonya kwamba Mbweni ya Unguja, palipokuwa na shule ya wasichana ya Misheni, ni jina la mahali, wala kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa kuyaunganisha maneno hayo mawili.

Kwa kadiri ya maneno yenyewe, basi, tofauti ya shule hizi mbili haimo katika masomo. Imo katika usiku. Shule ya kutwa humrudisha mtoto kwao jua likichwa. Shule ya bweni humchukua pamoja na usiku wake. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila atakaye kujibu swali linaloulizwa sasa katika nchi nyingi, yaani kama ubora wa nyumba anamolala mwanafunzi una maana yo yote katika kumvuta, kumshika na kumfundisha.

Huko Marekani swali hili limekuwa la mashindano. Vyuo vikuu hujenga mabweni ya fahari ili kuwavuta wanafunzi, na hasa wanamichezo hodari, ambao kwa muda mrefu walijengewa nyumba zao peke yao. Mwishowe chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipiga marufuku mabweni ya wanamichezo watupu kuanzia mwaka wa 1996, kwa kuwa yaliwatenga na wanafunzi wenzao. Katika Afrika ya Mashariki swali hilohilo lipo, ila limevaa nguo nyingine, na pa kulitazamia pazuri ni nchi ya Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga. Korogwe iko katika njia ya reli na ya barabara kuu, kando ya Mto Ruvu ambao karibu na bahari huitwa Pangani; ina shule ya sekondari ya wasichana ya bweni na chuo cha ualimu. Handeni iko mwendo wa kilomita 65 kutoka hapo, katika nchi ya Wazigua, yenye vijiji vilivyotawanyika na mvua zisizoaminika. Kabla ya Kilindi kutengwa mwaka wa 2002, wilaya ya Handeni peke yake ilichukua karibu nusu ya eneo la mkoa mzima. Mahali kama hapo nyumba ya mwanafunzi haiwezi kuwa jambo dogo, maana baina ya mtoto na shule kuna njia ndefu.

Kwa Wazigua, Wabondei na Washambaa, mvulana aliyekwisha kupata akili alitoka katika nyumba ya mama yake akalala pamoja na vijana wenzake. Nyumba hiyo haikuwa na ufundi wa kusifiwa: miti, udongo, nyasi, na moto katikati. Wasichana nao walilala kwa bibi au kwa mama mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalinda na kuwafunza. Usiku, penye moto, ndipo vitendawili vilipotegwa na hadithi za ukoo ziliposimuliwa, na ndipo kijana alipojifunza namna ya kukaa na mwenziwe asiye ndugu wa tumbo moja. Mafunzo ya mchana yalikuwa ya mkono, yaani jembe, mtego na mifugo. Mafunzo ya ulimi yalikuwa ya usiku.

Mfano ulio wazi zaidi ni kumbi la jando. Katika sehemu nyingi za Mrima na bara iliyo karibu nao, kumbi lilijengwa kwa matawi na majani, mbali na kijiji, nalo lilichomwa moto siku vijana walipotoka. Hapana nyumba iliyokuwa duni kuliko hiyo, wala hapana nyumba iliyofundisha kwa nguvu kuliko hiyo. Walakini lisisahauliwe jambo moja: kumbi halikuwa bila mlinzi hata usiku mmoja. Kila mwari alikuwa na mtu mzima wa kumwangalia, aliyejulikana kwa jina na ambaye angeulizwa kama mtoto angepatwa na dhara. Ukuta ulikuwa wa majani; ulinzi haukuwa wa majani.

Wamisionari wa UMCA walipoanza kazi Magila, katika Ubondei, mwaka wa 1868, walikuta desturi hizi zikiwa hai. Nao walihitaji bweni kwa sababu zao wenyewe. Walitaka vijana wakae mbali na ngoma na matambiko, na tena walitaka kuwafanya wengine walimu na makasisi. Waliochaguliwa kwa masomo ya juu walipelekwa ng'ambo ya bahari, Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, penye Chuo cha Mtakatifu Andrea. Huko walikutana na watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, Wayao, Wanyasa na wengine, ambao baadhi yao masimulizi yao yalikusanywa na A. C. Madan katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1887. Misheni hiyo ilishika shauri la kutomfanya mwanafunzi kuwa Mzungu. Mavazi, chakula na malazi vilitakiwa kuwa vya kawaida ya nchi. Kwa hiyo kijana wa Kibondei hakuvutwa Kiungani kwa uzuri wa kitanda.

Hata hivyo bweni la Kiungani lilifanya kazi ambayo wataalamu wa lugha hawana budi kuiangalia. Vijana wa makabila mengi walilala chini ya paa moja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Darasani mwalimu aweza kuamrisha lugha; usiku watoto huchagua wenyewe lugha ya kuchekeshana, kugombana na kupatana. Waliorudi Ubondei na Uzigua walirudi na Kiswahili kilichozoeleka ulimini, cha mazungumzo pamoja na cha vitabu. Mmoja wa waliosoma huko, Samuel Sehoza, Mbondei, aliandika Mwaka katika Minyororo, kilichotolewa mwaka wa 1921, habari za kifungo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Magila yenyewe ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, ambao ulitoa Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi kwa mafungu kuanzia mwaka wa 1895. Haiwezekani kusema kwamba mabweni ndiyo yaliyozaa vitabu hivi, na huyo Abdallah hakuwa mwanafunzi wa Misheni. Lakini wasomaji wa mapema wa vitabu vya namna hiyo, na walimu waliovitumia, wengi walikuwa watu waliopitia malazi ya pamoja. Chuo hicho kilihamishiwa Minaki, katika Kisarawe, katika miaka ya 1920, na kiliendelea kupokea vijana kutoka nchi ya Tanga.

Serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwaka wa 1892. Shabaha yake ilikuwa makarani, wakalimani, walimu na maakida, nayo ilipokea pia wavulana wa kutoka bara. Njia ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka wa 1893 ilifika Korogwe mwaka wa 1902. Tangu hapo mtoto wa Korogwe aliweza kwenda Tanga kwa siku moja, hali mwenziwe wa Handeni ilimpasa kwanza atembee mpaka kwenye reli. Ndipo ilipoanza tofauti ya miji hii miwili ambayo haijafutika kabisa: Korogwe ikawa mahali pa kujia watu, Handeni ikawa mahali pa kutokea. Taasisi hupenda kukaa penye njia, na wanafunzi huzifuata huko.

Pamoja na umbali palikuwa na njaa. Uzigua ilipigwa na njaa kali katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na tena katika miaka ya 1932 hadi 1935. Katika nchi ya namna hiyo bweni lina maana ambayo mgeni haioni mara moja, maana bweni ni jiko kabla ya kuwa kitanda. Mzazi aliyemtoa mwanawe kwenda kulala shuleni alijua kwamba atakula. Na mwalimu wa shule ya kutwa alijua kwamba ghala zikiwa tupu madawati nayo yatakuwa matupu. Kwa hiyo mtu anayepima ubora wa bweni la Handeni kwa rangi ya kuta na wingi wa taa atakuwa ameacha nje kipimo ambacho wenyeji wangekitaja kwanza.

Chini ya Waingereza swali la nyumba ya mwanafunzi liliulizwa kwa makusudi, na majaribio mawili yalifanywa mbali na nchi ya Tanga ambayo yasaidia kulieleza. La kwanza ni Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka wa 1925 hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Mfano wake ulikuwa shule za mabwana wa Uingereza, na wanafunzi walipangwa katika nyumba zao kwa makabila, ili wasiachane na heshima za kwao. La pili ni Malangali, katika nyanda za kusini, ambako W. B. Mumford, kuanzia mwaka wa 1928, alijenga mabweni kwa namna ya nyumba za wenyeji, akawaingiza wazee kufundisha mila, akaruhusu ngoma na mavazi ya kwao. Nia yake ilikuwa njema: hakutaka mtoto aone haya kwa nyumba ya baba yake.

Jaribio la Malangali halikudumu. Sababu zake ni nyingi, lakini mojawapo hueleweka kwa urahisi. Mzazi aliyempeleka mwanawe shuleni wakati ule alimpeleka ili apate yale yasiyopatikana nyumbani. Akimkuta amelazwa katika nyumba kama ya nyumbani, kwa amri ya watu ambao wenyewe hawalali katika nyumba za namna hiyo, aliweza kuuliza kama elimu nayo imepunguzwa vivyo hivyo. Hapa huonekana kwamba nyumba husema neno kwa mwanafunzi hata kama hapana aliyekusudia liseme. Nyumba ya udongo katika kumbi haikumdhalilisha kijana, kwa kuwa baba yake na babu yake walipita mlemle. Nyumba ileile ya udongo, ikijengwa na mtawala anayekaa katika nyumba ya mawe, yaweza kusikika kama hukumu.

Tabora nayo ilibadilika. Milango ilifunguliwa kwa wasio wana wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka wa 1937, baada ya kutoka Shule ya Mwisenge, Musoma, ambayo aliingia mwaka wa 1934 na kulala hukohuko, kwa sababu Butiama ilikuwa mbali mno kwa mtoto kwenda na kurudi. Nyerere alikuwa mwana wa chifu, lakini neno la kuzingatia katika habari yake si cheo cha baba, ni umbali. Lau Mwisenge ingalikuwa shule ya kutwa, mtoto wa Butiama asingaliweza kuisoma. Jambo hili ni kweli kwa watoto wengi wa Handeni ambao majina yao hayakuandikwa mahali po pote.

Baada ya Uhuru bweni lilipewa kazi ya taifa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1969 shule nyingi za Misheni zilizokuwa zikisaidiwa na Serikali ziliwekwa chini ya Serikali, na wanafunzi wa sekondari walichaguliwa na kupelekwa po pote nchini. Msichana wa Bukoba aliweza kujikuta Korogwe, na wa Handeni akajikuta Songea. Yaliyofanyika Kiungani kwa vijana wachache yalifanyika sasa kwa maelfu, na Kiswahili cha mabweni, pamoja na misimu yake, kikawa mali ya kizazi kizima. Wengi wa kizazi hicho hukumbuka godoro jembamba na maharage yenye wadudu, lakini hukumbuka pia rafiki waliowapata humo mpaka leo.

Katika wakati huohuo ubora wa malazi ulionyesha upande wake wa pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Mwaka wa 1964 kilihamia Mlimani, nje ya mji, penye majumba mapya ya kulala yaliyopangwa vizuri. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Hapana haki ya kusema kwamba kitanda kizuri ndicho kilichosababisha maandamano. Lakini watu wengi wakati ule waliona kwamba kijana aliyekaa kilimani, akapikiwa na kufuliwa, alikuwa amesahau anakotoka. Mwezi wa Machi 1967 ilitolewa Elimu ya Kujitegemea, iliyozitaka shule ziwe jamii zenye mashamba na karakana, na wanafunzi wazitunze kwa mikono yao. Mabweni mengi ya miaka iliyofuata yalifyatuliwa matofali na wanafunzi wenyewe.

Hivyo historia yatoa mashahidi wa pande mbili. Malangali yaonyesha kwamba nyumba duni yaweza kumvunja moyo mwanafunzi. Mlimani yaonyesha kwamba nyumba nzuri yaweza kumtenga. Habari za wanamichezo zasaidia kuamua baina yao, kwa kuwa mwanamichezo ni mtu ambaye vyuo humtafuta na kumbembeleza. Watanzania wawili, Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga, walikimbilia chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980. Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 1978, akashinda mita 10,000 mwaka wa 1982. Chuo kile katika miaka hiyo kilikuwa na wakimbiaji wengi kutoka Afrika, na kijana aliyekwenda huko alijua kwamba atakimbia na walio bora, na tena atasoma. Nchini Kenya Shule ya St Patrick's ya Iten, ambayo ni shule ya bweni ya kawaida ya wavulana, ilimtoa Peter Rono, mshindi wa mita 1,500 katika Olimpiki ya mwaka wa 1988. Hata Eliud Kipchoge, baada ya kupata sifa ya dunia nzima, aliendelea kukaa katika kambi ya Kaptagat yenye vyumba vya kawaida, na kushika zamu ya usafi pamoja na wenziwe. Mkimbiaji hulala mahali pale ili asubuhi awakute wa kukimbia nao. Akikuta kitanda cha fahari bila watu hao, amepata hasara.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kutumia mifano hii kuwa udhuru wa mabweni mabovu. Bweni duni la mwanamichezo lina mlango ulio wazi. Mwezi wa Juni 1994 bweni la wasichana la Shauritanga, katika Rombo, liliungua, na wasichana zaidi ya 40 walikufa. Idodi, katika Iringa, wasichana 12 walikufa mwaka wa 2009, na mwaka wa 2020 watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya Byamungu, katika Kagera. Katika Kenya wavulana 67 walikufa Kyanguli mwaka wa 2001. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo hizo ziliwekwa kwa ajili ya ulinzi. Ndiyo hatari ya kulinda kwa chuma badala ya kulinda kwa mtu: chuma hakijui wakati wa kufungua. Wazee wa kumbi walichoma nyumba yao vijana wakiwa wamekwisha kutoka, nao waliwahesabu kwanza.

Lakini hatari iliyo kubwa kwa mtoto wa Handeni leo si ya bweni. Ni ya kukosa bweni. Kuanzia mwaka wa 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kila kata ilihimizwa kuwa na shule yake ya sekondari, na nyingi zikawa za kutwa. Mpango huo uliwafungulia mlango watoto wengi ambao zamani wasingalichaguliwa. Mwaka wa 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Hata hivyo kata ya Handeni si mtaa wa mji. Kijiji kimoja chaweza kuwa mbali sana na kingine katika kata hiyohiyo, na jua likichwa njia hubaki ileile. Basi wazazi humpangia mwanafunzi chumba karibu na shule, na chumba hicho wanafunzi hukiita geto. Neno hili limesafiri mbali hata kufika Uzigua, na halikubeba sifa njema njiani.

Geto ni kitu kigeni katika historia iliyoelezwa hapa. Bweni la kale lilikuwa na mzee karibu. Kiungani ilikuwa na mwalimu. Sekondari za bweni zina matroni na walimu wa zamu. Geto lina ufunguo tu. Msichana wa miaka kumi na minne hujipikia, hujinunulia mafuta, na hubisha hodi kwake mtu ye yote apitaye. Mwisho wa wiki hurudi kwao kuchukua unga. Unga ukiwa haba, huwa na deni, na wadai wa msichana si wote watakao fedha. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, mpaka Serikali ilipotangaza mwezi wa Novemba 2021 kwamba aweza kurudi baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo ni njema, lakini humfikia baada ya dhara. Hosteli ya kata, ambayo katika vijiji vingi wazazi huichangia kwa fedha au kwa mahindi, humfikia kabla yake.

Huko Dar es Salaam jambo hilohilo huonekana kwa sura nyingine. Wanafunzi wa chuo kikuu walipozidi vitanda, wengi walipanga vyumba mitaani. Mwezi wa Aprili 2017 yalifunguliwa Mlimani majengo 20 ya kulala wanafunzi 3,840. Kijana wa Korogwe au Handeni aliyepata nafasi humo hakuuliza kwanza kama chumba kina urembo. Alihesabu nauli ya basi aliyoiokoa, na saa za usiku alizozipata karibu na maktaba.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni laweza kutolewa kwa mafungu matatu. Ubora wa bweni, ukitazamwa kuwa ni urembo, umemvuta mwanafunzi kwa nadra katika nchi hii, na pale ulipozidi ulileta shaka badala ya shukrani. Ubora ukitazamwa kuwa ni heshima, una maana kubwa, kwa sababu mwanafunzi husoma katika nyumba aliyopewa cheo alichopewa na waliomjengea. Na ubora ukitazamwa kuwa ni ukaribu, chakula, mlango unaofunguka na mtu mzima anayejua hesabu ya waliolala, huo ndio unaoamua kama mtoto atasoma au hatasoma kabisa.

Wanaopanga shule za nchi ya Handeni na Korogwe wana kipimo kilicho cha zamani kuliko vipimo vya wahandisi. Wazigua wa kale, walipowatenga vijana kulala mahali pao, waliangalia kwanza ni nani atakayekuwa nao, ndipo wakatafuta miti na nyasi. Msichana anayetembea jioni kutoka shule ya kata kwenda geto lake amepewa miti na nyasi tu, au bati na saruji. Lile la kwanza bado hajapewa.